Sturungi Si Chai ya Kukosa

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomwaibisha Kukhu mbele ya wageni, na kazi hiyo niliifanya kwa neno moja tu.

Ilikuwa likizo ya Aprili na mvua ilikuwa imechelewa. Mathe alitupakia kwenye matatu pale steji ya Kitale, mimi na dada yangu, tukiwa na mkate na kilo mbili za sukari za kupeleka ushago. Njia haijabadilika tangu siku hizo: Kiminini, Kamukuywa, kisha unakata kuelekea Kimilili, na hapo tayari uko Bungoma. Tulipofika tulikuta boma limefagiwa hadi alama za ufagio zinaonekana mchangani. Kulikuwa na wageni, na si wageni wa kupitia kusalimu. Walikuwa wakwe, wazee watatu na akina mama wawili, waliokuja kuzungumza habari za Senge, dada mdogo wa baba yangu, aliyekuwa anaposwa.

Kukhu aliingia na birika. Senge akamfuata na sinia la viazi vitamu. Vikombe vikajazwa kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, nikachungulia kikombe cha mzee aliyekuwa kando yangu. Chai ilikuwa nyekundu inayokaribia weusi, haina hata tone la maziwa. Nikasema, kwa sauti ya mtoto wa mtaa wa Kitale anayedhani amekuja kuwatembelea washamba: "Kumbe ni sturungi tu."

Mnajua kile kimya cha watu wazima. Mama mmoja alianza kurekebisha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa na shida yoyote. Senge aliangalia sinia. Dada yangu alinikanyaga mguu. Kukhu hakunitazama hata kidogo. Aliendelea kumimina, na alipomaliza kile kikombe alisema, kwa Kiswahili, ingawa wote mle ndani walikuwa Wabukusu: "Si sturungi tu. Ni sturungi. Hii ni chai yenye nguvu."

Yule mzee wa kando yangu akacheka. Akasukuma kikombe chake mbele. "Basi niongezee, mayi."

Senge aliolewa. Mimi nilifinywa na Mathe wiki mbili baadaye, habari zilipofika Kitale. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba Kukhu alijitoa kwenye aibu kwa ujanja wa maneno, vile mtu husema gari lake si bovu, linapumzika. Ilinichukua kama miaka ishirini kugundua kwamba siku ile hakubuni chochote. Alikuwa anatafsiri.

*

Tuanze na kitu chenyewe. Sturungi ni chai isiyo na maziwa: maji, majani na sukari, basi. Wengine huandika strungi, wengine huangusha ile s ya mwanzo na kusema turungi. Kitale, Bungoma na kwingi nchini Kenya, ukisema "chai" peke yake mtu anaelewa ni ya maziwa. Ile isiyo na maziwa lazima ipewe jina lake.

Majina hayo ni mengi. Tanzania, na hata hapa kwetu, kuna chai ya rangi. Neno rangi lilitufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, ambako husemwa rang, na jina hilo linakuambia kile jicho linaona: maji yamebadilika rangi. Pwani, pale Mombasa, utasikia chai ya mkandaa. Mkandaa ni mmoja wa miti ya mikoko, na gome lake hutoa wekundu uliotumiwa tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Enzi za ukoloni magome ya mikoko ya Lamu yalikuwa bidhaa ya kupakiwa melini kwa ajili ya viwanda vya ngozi ng'ambo. Aliyeipa chai jina hilo alikuwa mtu wa bahari, na alikuwa sahihi kwa njia mbili: rangi zinafanana, na kile kinachokaza ulimi ukinywa chai nzito, yaani tanini, ndicho hicho hicho watu walikuwa wanakitafuta kwenye gome la mkandaa.

Ukivuka mpaka pale Malaba ukaingia Uganda, Waganda watakuambia chai mukalu, chai kavu. Wakiongea Kiingereza wanaitafsiri vivyo hivyo, na mgeni hushangaa: kinywaji kinakuwaje kikavu? Lakini sisi tunaelewa bila kuelezwa, kwa sababu tumekula ugali mkavu. Kavu ni kitu ambacho mwenzake hajafika mezani.

Sasa linganisha. Rangi na mkandaa ni majina ya macho. Yanasema kitu kinavyoonekana. Kavu ni jina la hesabu, linasema kilichopungua. Sturungi halina habari na rangi, wala halitaji maziwa yaliyokosekana. Linasifu.

*

Nikiwa mdogo nilidhani sturungi ni ndugu ya balungi, kwa vile yote mawili huishia kwa ungi na yote mawili ni machungu kidogo. Lakini asili yake iko karibu zaidi. Ni Kiingereza: strong tea.

Fuata sauti utaona. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na ile ng ya mwisho ya Kiingereza kwetu huongezewa i. Shilling ikawa shilingi. Ceiling ikawa silingi. Boarding ikawa bodingi, na wengi wetu tulilala huko miaka minne. Strong ilipita mlango huo huo. Mwanzoni mwa neno, konsonanti tatu zilikuwa zimesongamana, s, t na r, basi ulimi ukatia u katikati ili upate kupumua, na hata ile o iliyofuata ikageuka u. Neno tea lenyewe likaachwa njiani kwa sababu tulikuwa na letu.

Hilo letu nalo lilitoka mbali. Sehemu kubwa ya China mmea huu huitwa cha; kule Fujian, kwenye bandari walikonunulia Waholanzi, huitwa te. Cha ilisafiri na misafara hadi Uajemi ikawa chay, ikaenea Bara Hindi, na sisi tukaipata kama chai. Te ilipanda meli za Waholanzi hadi Ulaya, na Waingereza wakaitamka wanavyoitamka. Kwa hiyo mama wa kibanda pale soko la Kitale akiuliza, "Chai ya maziwa ama strungi?" ameweka kwenye swali moja njia mbili za biashara zilizoachana China karne nyingi zilizopita.

Mpaka hapo ni rahisi. Shida iko kwenye maana.

Kwa Mwingereza, strong hupima majani, haipimi maziwa. Chai yake inaweza kuwa na maziwa mengi na bado ikawa strong. Mafundi wa ujenzi wa London hunywa ya namna hiyo kila asubuhi na kujivunia. Anayetaka kusema haina maziwa ana neno lingine, black. Kwa nini basi sisi hatukusema "bleki"? Imekuwaje neno la nguvu likawa neno la chai isiyo na maziwa?

Maneno ya kukopa huwa na tabia ya kuhama nyumba, hilo najua. Stima ilikuwa meli na mashine ya mvuke kabla ya kuwa umeme. Leo stima zikipotea Kitale hakuna anayewaza habari za meli. Hata kahawa, kabla ya kuwa kahawa, neno lake la Kiarabu lilikuwa likitumika kwa divai. Lakini kila neno linapohama huwa kuna sababu, na sababu ya sturungi iko jikoni.

Waza juu ya mpishi Mwafrika katika nyumba ya Mzungu. Chai ya Kiingereza hupelekwa mezani vipande vipande: birika lake, sukari yake, na maziwa kwenye kijagi kidogo pembeni. Bwana akitaka iwe strong, anazungumza juu ya kile kilicho ndani ya birika. Na ndani ya birika kuna nini? Majani na maji. Maziwa hayajagusa. Kwa mpishi yule strong tea ni kitu anachokiona kwa macho yake: chai nyekundu nzito, kabla maziwa hayajaingia.

Sasa mpeleke mpishi huyo kwake, kwenye chai ya Kihindi ambayo ndiyo sisi tuliirithi. Hapa kila kitu hutiwa kwenye sufuria moja, maji, majani na maziwa, mara nyingine na tangawizi, vikachemka pamoja hadi povu lipande. Hakuna kijagi pembeni. Maziwa ni sehemu ya chai kama maji yalivyo sehemu yake. Kwenye nyumba ya namna hiyo, chai ambayo maziwa hayajaigusa inakuwa kitu tofauti kabisa, na jina lake tayari lilikuwa limeshasikika kwenye nyumba kubwa.

*

Kabla ya majani chai, nchi ya Wabukusu haikukosa kinywaji cha moto. Kulikuwa na obusera, uji wa wimbi. Na kulikuwa na kamalwa, pombe ya nafaka ambayo mjini inajulikana kama busaa. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, maji ya moto yakaongezwa, na kila mmoja akavuta kwa mrija wake mrefu. Mirija hiyo huitwa chisekhe, na mzee alitunza wake kama vile wewe unavyotunza simu. Mambo ya mahari, ya mashamba na ya ugomvi yalimalizwa pale. Mgeni wa maana alipewa mrija.

Mwaka wa 1902 wamishonari wa Marafiki, hawa tunaowaita Quaker, walianzisha kituo Kaimosi, na baadaye kazi yao ikafika Lugulu na kwingineko Bungoma. Hawakutaka pombe kabisa. Mkristo mpya aliyeacha chungu alibaki na tatizo ambalo Biblia haikulitatua: mkwe akija, nimpe nini? Maji baridi si heshima. Uji ni wa watoto na wagonjwa. Chai ilijaza nafasi hiyo. Ilikuwa ya moto, ilikuwa tamu, ilichukua muda kuitengeneza, na watu wangeweza kuketi nayo na kuzungumza. Siku ile ya wakwe wa Senge, birika la Kukhu lilikuwa limekaa mahali pa chungu.

Majani yenyewe yalipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza zilianza mashamba makubwa Kericho. Wahindi walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, zaidi ya elfu thelathini, walikuja na namna yao ya kunywa chai. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliofuata, walifungua maduka kila reli ilipopita. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926. Reli kuu ya kwenda Uganda nayo ikapita Webuye na Bungoma. Popote palipokuwa na stesheni palikuwa na duka, na palipokuwa na duka palikuwa na majani na sukari vya kupimiwa kwa kiasi kidogo. Halafu ikaja Vita vya Pili vya Dunia, na vijana waliotumikia KAR wakarudi nyumbani wakiwa wamezoea chai ya kambini.

Ukumbuke kitu kimoja katika haya yote. Hadi miaka ya 1950 Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kupanda majani chai. Angeweza kuyachuma kwa ujira huko Kericho, kuyanunua dukani na kuyachemsha. Kuyalima yalikuwa ya wengine. Mamlaka ya wakulima wadogo, KTDA, ilikuja 1964, baada ya uhuru.

Hiyo ndiyo hadithi ya majani. Ya maziwa ni kali zaidi, na inapita nyumbani kwetu.

*

Kuka alikuwa mkamuaji. Alitoka Kimilili akiwa kijana, miaka ya 1940, akavuka kwenda Trans Nzoia kutafuta kazi kwa Mzungu. Siku hizo safari ile ya saa chache, ambayo sisi tuliifanya na mkate mapajani, ilikuwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Upande wa Bungoma ulikuwa sehemu ya North Kavirondo, rizavu ya Waafrika. Upande wa Kitale ulikuwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambako baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919, serikali iligawa mashamba kwa wanajeshi wa Kiingereza. Mwafrika aliingia huko kama kibarua, kipande chake kikiwa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma.

Ardhi ya Kitale inapenda ng'ombe. Kuna nyasi, kuna baridi, kuna mvua. Walowezi walileta mbegu za ng'ombe wa Ulaya, na mwaka wa 1925 chama chao cha krimu, KCC, kilianzishwa. Kazi ilikuwa hivi: unaamka gizani, unakamua, maziwa yanapitishwa kwenye mashine ya mkono inayotenganisha krimu, krimu inapelekwa kiwandani kutengeneza siagi. Kuka alikuwa anakamua ng'ombe wengi kila alfajiri, na mikono yake ilibaki minene kwenye vifundo mpaka alipozeeka.

Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu. Mtu anakamua, basi ana maziwa. Senge ndiye aliyenieleza, na ilibidi nitafute vitabu kuhakikisha. Familia za vibarua ziliishi hapo hapo shambani. Wazungu waliwaita "squatters", maskwota. Hapo mwanzo wengi wao walikuwa na ng'ombe wao waliolisha kwenye shamba la mwajiri. Kisha sheria ya 1937 ya vibarua wakaazi, iliyoanza kutumika 1940, ikazipa halmashauri za wilaya, ambazo zilikuwa mikononi mwa walowezi, uwezo wa kuamua skwota afuge mifugo mingapi, alime ardhi kiasi gani na afanye kazi siku ngapi kwa mwaka. Siku za kazi zikaongezeka. Mifugo ikapunguzwa, mahali pengine ikaisha kabisa. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa: ng'ombe wa Waafrika wangewaambukiza wale wa Ulaya. Sababu nyingine haikuhitaji kutajwa. Mtu mwenye ng'ombe wake hategemei mshahara wako.

Kwa hiyo Kukhu alipoolewa miaka ya 1950 na kuhamia kwenye vibanda vya shamba lile karibu na Kitale, alikuta mji wa maziwa ambao hauna maziwa. Yalipita mbele yake kila asubuhi kwenye madebe. Mgao ulikuwa posho. Chai waliipata kwa mpishi wa nyumba kubwa, mtu wa Kimilili pia, ambaye alikuwa akikusanya majani yaliyokwisha kutumika, anayaanika juani, halafu anawagawia wanawake wa vibandani. Sturungi ya kwanza ya Kukhu ilipikwa kwa majani yaliyokuwa yamechemshwa mara moja tayari kwa ajili ya mtu mwingine.

Senge aliponiambia hilo kwenye simu nilinyamaza kidogo. Chai hafifu kuliko zote, na jina lake ni nguvu.

Na jina lilitoka kwa mpishi yule yule. Alikuwa akiigiza bwana wake, anakunja uso, anagonga meza kwa kijiko: "Strong! Strong!" Wanawake wakacheka, na neno likabaki. Kukhu alijua kabisa maana yake. Hakwenda shule, Kiingereza chake kilikuwa maneno labda ishirini, lakini hilo moja alikuwa amefafanuliwa, na alilitumia miaka yake yote akijua linasema nini. Ni mimi, mwenye digrii, niliyekuwa nalitumia bila kujua.

Sisemi kwamba neno lilizaliwa kwenye shamba lile. Jikoni za namna hiyo zilikuwa nyingi, kutoka Kitale hadi Nakuru, na kila moja ilikuwa na bwana, mpishi na birika. Ninachosema ni kwamba ukiuliza kwa nini sisi hatukuiita chai nyeusi wala chai kavu, inafaa ukumbuke ni nani walikuwa wakiinywa na kwa nini hawakuwa na maziwa. Walinyimwa kwa karatasi iliyotiwa sahihi. Halafu wakachukua neno kwenye meza ya wale wale waliowanyima, wakaliweka juu ya kikombe chao.

*

Uhuru ulileta ng'ombe. Kuka alirudi Kimilili miaka ya 1960 na akanunua ndama wake wa kwanza wa gredi. Mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, mengine yakawa ya serikali. Mwaka wa 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi, yale yaliyobatizwa maziwa ya Nyayo, kwenye pakiti za pembe tatu. Mathe alikuwa mtoto wa shule Kitale wakati huo, na mpaka leo anaweza kukuonyesha namna ya kung'ata ile kona. Lakini anakumbuka pia kwamba walikuwa wanakunywa maziwa shuleni na sturungi nyumbani. Lita ilikuwa na bei yake, na ng'ombe walikuwa wa wengine bado.

Hapo ndipo naona neno lilianza kubadilika tabia. Kwa Kukhu sturungi ilikuwa jina la kujitetea, lenye kicheko ndani yake. Kwa Mathe ilikuwa jina la mwisho wa mwezi. Kwangu mimi, kizazi cha tatu, ilikuwa tusi. Pale mtaani tulikuwa tukiulizana, "Kwenu mnakunywa nini asubuhi?" na aliyejibu sturungi alijua kicheko kinakuja. Hakuna aliyesikia nguvu ndani ya neno. Tulisikia kukosa tu, kwa sababu sasa maziwa yalikuwa ya kununua, na usipoyanunua ni wewe.

Sasa inageuka tena. Kuna mikahawa Kitale inayoandika black tea kwenye menyu, inaileta kwenye gilasi yenye kipande cha limau, na bei yake ni zaidi ya kikombe cha maziwa pale kibandani. Watu wa mazoezi wanaipenda. Wanaoumwa tumbo na maziwa wanaipenda. Mwezi uliopita nilimwambia dada wa mkahawa mmoja nataka sturungi. Akatabasamu kama mtu aliyesikia neno la nyanyake, akaandika kwenye kijitabu chake: black tea, 1. Sina ugomvi naye. Ila niliona jinsi neno la vibandani linavyoweza kuvukishwa hadi kwenye menyu likiwa limevuliwa jina lake, na wiki iliyofuata nikaanza kuandika haya.

*

Nilienda kwa Senge Webuye mwezi jana. Nilitaka kumwomba msamaha kwa siku ile, kwa sababu kwa miaka yote sikuwahi. Alicheka kwanza. Halafu akaniambia kwamba alipokuwa amesimama pale na sinia, alifikiri imeisha. Alifikiri wakwe watasema: nyumba hii haina hata ng'ombe mmoja wa maziwa, na mtoto wao hana adabu. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa amechoka kuulizwa ataolewa lini.

"Ng'ombe alikuwa amekauka," akasema. "Mvua ilikuwa imechelewa. Ungeona vile mama alizunguka kijiji chote tangu asubuhi na kikopo. Kila nyumba ilikuwa imekauka."

Hilo sikulijua.

Nikamuuliza kuhusu yule mzee, aliyecheka na kusukuma kikombe. Alikuwa baba mkwe wake. Alishafariki. Senge akaniambia kwamba kila alipokuja kuwatembelea, hata mwaka ambao walikuwa na ng'ombe wawili na maziwa ya kuuza, alikuwa akikataa chai ya maziwa. "Nipe ile yenye nguvu," anasema, halafu anacheka peke yake. Miaka ilipita kabla ya Senge kumuuliza kwa nini. Mzee akamwambia kwamba ujana wake aliufanyia Trans Nzoia, kwa Mzungu, kwenye zizi la kukamulia.

Senge akasimama kwenda jikoni. Jagi la maziwa lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kitambaa. Akaniuliza nataka gani, na kabla sijajibu alikuwa ameshaliondoa.